Kigoda cha Mama Mkwe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyopiga magoti kumsalimia mama mkwe wangu hapa Kaagya, nikashindwa kuinuka. Nilikuwa bado kijana, mama wa watoto wawili. Kwa miezi mingi maumivu yalikuwa yakianzia kiunoni na kushuka mguu wa kushoto hadi kidoleni, yakiwaka kama nimepakwa pilipili. Nilikuwa nimekandwa kwa majani ya moto na kuchanjwa chale, na kila nilipopata nafuu kidogo nilirudi kibanjani kubeba mikungu ya ndizi. Sikumwambia mtu, kwa sababu mke wa Kihaya asiyeweza kupiga magoti mbele ya wakwe alionekana hana adabu, na mimi nilijivunia adabu yangu.

Basi siku hiyo nikabaki pale chini, jasho linanitoka, mguu umekufa ganzi. Shangazi wa mume wangu alikuwepo. Akacheka kidogo, akasema wake wa siku hizi ni wavivu hata kusalimia.

Mama mkwe, mwanamke mkali ambaye watoto wa jirani walimkimbia, aliinuka. Akachukua kigoda chake mwenyewe ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, akakisogeza karibu yangu na kunishika kwapani.

"Kaa," akasema. "Kuanzia leo unanisalimia umekaa. Mimi heshima yangu haiko kwenye magoti yako. Nataka mke wa mwanangu atembee."

"Waitu, mama, watu watasemaje?" nikamuuliza.

"Wakija kusema, watanikuta mlangoni."

Na kweli walimkuta! Alinipeleka Bukoba yeye mwenyewe, akakataa katakata nipande bodaboda. Daktari alinieleza kwamba mto laini ulio kati ya pingili za mgongo ulikuwa umechomoza na kugandamiza mshipa wa fahamu, ndiyo maana moto ulikuwa mguuni wakati jeraha liko kiunoni. Nilipewa vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu, ambavyo havifanyi kazi siku ile ile kama dawa ya kichwa, na usingizi wake ni wa kuangukia sahani. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu, mara kadhaa kila siku. Akaniambia na jinsi ya kuchuchumaa badala ya kuinama.

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Hebu fikiria mke amelala kifudifudi juu ya nyasi tunazotandika sebuleni mchana kweupe, wenzake wakichuma kahawa! Wageni walichungulia na kushika midomo. Mama mkwe aliketi kizingitini na fimbo yake, akawaambia wote neno moja, "Yuko kazini." Nilikuwa nikimsikia huku uso uko kwenye nyasi, na moyo wangu ulikuwa unajaa. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule mama.

Maumivu yalipogoma kuisha nilipewa rufaa kwenda Mwanza, nikachomwa sindano karibu na ule mshipa. Niliogopa, sikufichi. Daktari wa kule alinieleza wazi kwamba sindano hainiponyi, inanyamazisha moto ili niweze kufanya mazoezi. Kama mguu ungezidi kukosa nguvu tungezungumzia upasuaji. Kwa bahati yangu hatukufika huko, ila nawajua waliofika, na leo wanalima.

Mwaka ukapita, na zaidi. Asubuhi ya Krismasi, ukoo mzima umetoka misani na umejaa sebuleni, nikaenda mbele ya mama mkwe na kupiga magoti. Mume wangu akakurupuka kuja kunishika, lakini mama akamzuia kwa fimbo.

"Mwache. Nataka kumwona."

Nikainuka mwenyewe, polepole, nikiusukuma mgongo kama nilivyofundishwa. Mama mkwe akamgeukia yule shangazi, machozi yanamtoka na wala hayafuti, akasema, "Umemwona mke wetu?"

Mwanangu, hadi leo maumivu hunitembelea, hasa msimu wa mvua, lakini nayajua na hayanitawali. Kwa hiyo nisikilize. Maumivu yanayoshuka mguuni usiyafiche kwa ajili ya sifa. Usimruhusu mtu akukanyage mgongo eti anaunyoosha. Dawa usiiache kwa sababu umepata nafuu, uliza kwanza, na mazoezi yafanye hata siku usipoumwa. Mguu ukilegea, au mkojo ukigoma au ukitoka bila hiari yako, usingoje chochote, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Na kama ni wewe unayesalimiwa, mtazame usoni anayepiga magoti mbele yako.

Mama mkwe ametutoka, na kigoda sasa ni changu. Mke wa mwanangu mkubwa alipojifungua na kiuno kikamsumbua, nilikisogeza kabla hajapiga magoti. Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mgongo wa kuinuka mwenyewe, na siku utakayoshindwa, akupe mtu wa kukusogezea kigoda na kukaa mlangoni.