Shaba Ndani ya Bahari ya Mama Émérence

Jumatano asubuhi, kabla hata hajanywa chai, Mama Émérence alikuta konokono wake wawili wamelala chali mchangani, na uduvi wake wa mistari myekundu akijigongagonga kwenye kioo kama mlevi anayetafuta mlango. Akavaa miwani, akainama. Tumbawe lake kubwa, lile ambalo kila siku hufunguka lote na kupunga vidole vyake mbele ya wageni, lilikuwa limejikunja, limekuwa na rangi ya uji uliolala.

"Nani ametia sumu mu mayi yangu?" akapaza sauti, na nyumba nzima ikasikia.

Niwaeleze hayo mayi ni maji gani, maana si kila nyumba ya Likasi ina bahari sebuleni. Mama Émérence alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kiwanda, akipima shaba kwa mirija na matone mpaka macho yakachoka. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, injinia mgeni alifunga mizigo akarudi kwao, akaacha ofisini tangi la kioo la lita mia mbili. Maji yake ya chumvi yalikuwa yameota ukungu, na ndani mlikuwa na tumbawe moja tu lililo hai, dogo kuliko dole gumba. Mkuu wa ofisi akasema litupwe. "Litupwe wapi? Kile ni kinyama, hapana jiwe," akasema Émérence, akalipakia kwenye pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, mpaka kwake. Watu walimcheka, wee, walimcheka! Chumvi ya bahari aliipata kwa madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam. Akajisomea, akakosea, akaanza upya. Miaka kumi na mmoja baadaye lile tumbawe lilikuwa pana kama sahani ya kulia, lina samaki wawili wa rangi ya chungwa wanaolizunguka, na walimu wa shule za karibu walileta watoto wao kuliangalia. Bahari yenyewe hajawahi kuiona mpaka leo, na ukimuuliza anakwambia hana haja nayo.

Sasa mtu aliyelea kitu hivyo, asubuhi moja akakuta kinakufa, unafikiri atauliza polepole? Alimgeukia Jenny, mke wa mwanawe Cyrille. Cyrille anafanya kazi Kolwezi, na Jenny alikuwa na miezi minne tu katika nyumba ya wakwe. Jumamosi ile wazazi wake Jenny walikuwa wanakuja kutoka Lubumbashi, mara ya kwanza tangu harusi, na juma zima nyumba ilikuwa ikifagiliwa, ikipigwa deki, ikipanguzwa.

"Weye Jenny! Jana ulipuliza dawa ya mbu humu?"

"Nilipuliza mu chumba, mama. Hapa hapana."

"Mu chumba! Na upepo iko na mlango? Upepo inapiga hodi?"

Jenny akatazama chini. Mzee Damas, mume wa Émérence, aliyekuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Koni enzi zake, akajaribu kuingia kati. "Bibi, ngoja kwanza tuone..."

"Damas, weye kaa na courant yako!"

Lakini Mama Émérence si mtu wa kulia juu ya tangi. Alijua hesabu yake vizuri: konokono aliyekufa anachafua maji, maji machafu yanamuua uduvi, tumbawe likianza kuoza samaki wanafuata, na kesho kutwa una lita mia mbili za supu inayonuka. Stoo alikuwa na pipa la maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa, kwa tabia ya maabara, ambako hufungui chupa kabla hujaweka nyingine tayari. Akayamimina kwenye beseni tatu. Jenny akashika taa, yeye akatia mikono, akatoa samaki, uduvi, konokono waliobaki, halafu tumbawe na jiwe lake. Damas akafunga pampu za hewa kwenye betri, maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu alfajiri.

Ndipo akachota maji ya tangi na kuyapima, kipimo kimoja baada ya kingine. Dawa ya mbu haina kipimo cha nyumbani, yeye alikuwa anapima kwa mazoea tu. Cha mwisho kilikuwa cha shaba. Akadondosha matone, akatikisa mrija. Maji yakageuka bluu.

Akaupeleka mrija ule dirishani, kwenye mwanga. Halafu akainua macho ukutani, juu ya tangi.

Pale palining'inia picha ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, mwanamke anatwanga, zawadi ya wenzake siku ya kustaafu. Kwetu Katanga huwezi kupokea wakwe na shaba yako ukutani imefifia, watasema nyumba imelala. Basi Jumanne jioni Mama Émérence alipanda kwenye stuli akaisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ikawaka, akaisuuza kwa sponji yenye maji. Hakuishusha, ni nzito. Na kifuniko cha tangi alikuwa amekiacha wazi kwa sababu ya joto. Ndimu inakula shaba, maji yanaiteremsha, na chini kuna nini? Mtoto wa mwaka wa kwanza wa kemia anajua. Shaba kidogo mtu hata haisikii, lakini konokono, uduvi na tumbawe chembe tu inawamaliza.

"Ni shaba," akasema.

"Shaba ya wapi?" Damas akauliza.

"Shaba ni shaba. Lete ndoo."

Aliishusha ile picha kwa taabu, akaiegemeza chumbani, akidai msumari umelegea. Nami nasema wazi: aliona haya. Mwanamke aliyepima shaba ya watu miaka thelathini na mmoja aitie mwenyewe ndani ya maji yake! Na tayari alikuwa amemfokea mtoto wa watu.

Lakini kwa kazi, hapo mwachieni. Kama kuna kitu duniani anachokijua, ni shaba. Alimpigia simu Casimir, kijana wake wa zamani wa maabara ambaye sasa ana mvi. "Casimir, niko na shaba mu mayi ya chumvi. Nipe ile resini yenye kukamata métal, kiloko tu, kopo moja."

"Mama, umefungua kiwanda ku nyumba?"

"Nimefungua. Leta mbio!"

Saa sita Casimir akafika na kopo la chembechembe kama mtama. Mama Émérence akaziosha mara tatu, akazifunga ndani ya soksi ya nailoni, akazitundika pale pampu inaposukuma maji. Pembeni akaweka mfuko wa makaa ya kuchujia, si yale ya jikoni. Damas naye, kwa moyo mwema, akaingia na ndoo mbili zimejaa.

"Mayi ya mvua, bibi. Safi kabisa."

"Imepita wapi?"

"Ku mabati."

"Mabati iko na zinki, mume wangu. Unataka tutoke mu shaba tuingie mu zinki?"

Ya bomba pia aliyakataa, hakuyaamini yale mabomba ya zamani. Palibaki karakana moja karibu na soko inayotengeneza maji ya betri, maji yasiyo na kitu ndani. Jenny akachukua kinga, yaani baiskeli, ya babamkwe, akafunga bidoni mbili za maji nyuma, akaenda. Akarudi, akaenda tena. Safari nne Jumatano, nne Alhamisi. Akamwaga, akatia chumvi, akakoroga kwa mwiko mrefu, na Mama Émérence akapima uzito wa chumvi bila kumtazama usoni.

Alhamisi walitoa nusu ya maji na kutia mapya. Bluu ikafifia. Ijumaa tena nusu. Lakini kwenye beseni tumbawe lilikuwa limeanza kuyeyuka upande mmoja, linatoa harufu. Mama Émérence akaletewa wembe mpya.

"Hapana itauma?" Jenny akauliza.

"Itauma. Lakini tukiacha, itaoza yote. Shika jiwe."

Akakata. Theluthi nzima ya tumbawe la miaka kumi na mmoja ikaenda ndooni, kisha akasuuza lililobaki na kulirudisha kwenye maji safi. Jioni alipima mara tatu, na mara tatu mrija ukabaki mweupe. Wakarudisha kila kitu tangini. Jumamosi asubuhi kidole kimoja kikachomoza kwenye tumbawe, halafu vitano, halafu upande wote mzima ukafunguka. "Tazameni! Tazameni miujiza ya Mungu na resini!" akapiga kelele, akamshika Damas kiunoni wakacheza pale pale sebuleni.

Wakwe wakafika saa saba. Mama yake Jenny, Marlène, mwanamke mrefu wa kitenge kipya, hakukaa hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Njo ile bahari, ni hii? Lakini Jenny alituambia ku téléphone iko kama sahani nzima. Juu ya nini imekatwa?"

Damas akaanza kutazama dari. Jenny akasema haraka, "Ni courant, mama. Courant ilikatika, ikagonjwa."

Mama Émérence akaweka sinia la vinywaji mezani.

"Hapana. Haikukuwa courant, ni minye mwenyewe. Nilisugua shaba ya ukuta juu ya kuwapokea ninyi, na mayi yake ikaingia humu. Nikamusingizia mutoto wenu mbele ya mume wangu. Halafu nikajua ni minye, siku ileile, na nikanyamaza siku tatu, yeye akibeba mayi ku kinga. Nimeona haya sana. Jenny, unisamehe."

Jenny alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Jumanne mangaribi ni minye nilipanguza kioo. Kulikuwa matone ya kijani. Halafu nikakuona ku dirisha na ule mrija, unatazama ukuta. Nikajua umejua."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Tungegombana, na vile vinyama vinakufa. Nikasema, aokoe kwanza."

Mama Émérence akavuta kiti kilichokuwa mbele ya kioo, kile ambacho hakikalii mtu mwingine katika nyumba ile, akamkalisha Jenny juu yake, kisha akaenda mwenyewe jikoni kuwapakulia wageni bukari, ugali wa kwetu.