Kanga Kwenye Ngoma za Metali

Kanga ya mama yangu ilitundikwa kwenye ngoma za bendi ya muziki wa metali, jukwaani, hapa Birmingham, mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye fulana nyeusi. Aliyeitundika ni mwimbaji mwenyewe, mzee mwenye mvi zinazofika kiunoni. Aliyeketi nyuma ya ngoma hizo ni mdogo wangu wa kike.

Nirudi nyuma kidogo. Mdogo wangu alijifunza ngoma kanisani, kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Nyumbani kwetu, mtaa wa Hodge Hill, ukuta wetu ni ukuta wa jirani vilevile, kwa hiyo mazoezi aliyafanyia kwenye mito ya kochi, hedifoni masikioni, akifuatisha nyimbo za bendi hii hii. Ni muziki wa gitaa za mbio na sauti zinazopanda mpaka darini, na hadithi zake ni za majoka na mapanga.

"Wanaimba nini hao?" mama aliwahi kumuuliza.

"Majoka," akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Basi si wageni. Hata kanisani joka tunalisikia."

Siku hizi mdogo wangu anafundisha ngoma kwenye studio moja mjini. Mpiga ngoma wa bendi alipoumia bega wakiwa ziarani, meneja wao alipiga simu studio kutafuta mtu anayezijua nyimbo zote. Yeye alizijua. Wakampa onyesho moja, la Birmingham, na hawakumficha kitu: yupo mwingine, mzoefu zaidi, ambaye angeweza kuwafuata mji unaofuata. Baada ya onyesho wangeamua nani amalize ziara.

Mama alitoka zamu yake ya kutunza wazee, akabadilisha nguo, akachukua kanga mpya, doti nzima, akaikata katikati. Kipande kimoja akakitia mkobani. Nilidhani ni cha kujifunikia baridi.

Ukumbini tulisimama kando, karibu na uzio wa chuma unaotenga watu na jukwaa. Mbele yetu walijipanga wanaume wenye ndevu nyeupe, wa umri wa bendi. Mji huu ndio uliouzaa muziki huu mzito wa metali, na watu wake hawadanganyiki. Niliitazama mikono yao zaidi kuliko nilivyotazama jukwaa. Wimbo wa kwanza, wote wameikunja kifuani. Wa pili, mmoja akaanza kugonga paja lake. Kufikia ule wimbo ambao ngoma inapigwa kwa miguu miwili kwa kasi ya cherehani, ngumi zote zilikuwa juu, na mdogo wangu hakuwa amekosa pigo hata moja.

Wimbo ulipoisha, mama alikuwa tayari kwenye uzio, kanga mkononi, akitafuta ngazi.

Mama amekulia Mombasa. Kwao mpigaji akikupendeza unamwendea palepale anapopiga, unamtuza kwa pesa au kanga. Mlinzi, kijana mpana mwenye kizibo sikioni, alimwambia kwa Kiingereza arudi nyuma.

Mama akanigeukia. "Mwambie nataka kumtuza mwanangu."

Mlinzi akacheka kabla sijafungua mdomo, akajibu kwa Kiswahili. "Mathe, hapa hakuna kutuza."

"Ala! Wewe mtoto wa wapi?"

"Small Heath, hapa hapa mjini. Lakini nimekulia Eastleigh, Nairobi."

"Basi unanielewa. Yule wa ngoma ni binti yangu."

Akageuka kutazama. "Yule? Wacha! Mimi nimeshangaa tangu aanze." Akanyoosha mkono. "Leta. Lakini wewe baki hapo hapo, usinifukuzishe kazi."

Aliinua kanga juu ya ukingo wa jukwaa. Mwimbaji akainama kuipokea, akidhani ni yake. Mlinzi akatikisa kichwa, akanyooshea kidole ngoma, kisha akamnyooshea mama. Yule mzee alimtazama mama, akamtazama mdogo wangu, akatembea taratibu mpaka nyuma, akaitundika kanga mbele ya ngoma kubwa. Kisha akampigia mama saluti.

Mama akapiga kigelegele. Wale wa ndevu nyeupe walijaribu kumjibu.

"Mathe," mlinzi akasema, "hiyo sauti hata spika zetu hazina."

Mdogo wangu alifunika uso kwa vijiti vyake. Halafu akahesabu nne, na wimbo uliofuata ulianza kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia kwake, si kanisani wala kwingine.

Asubuhi lori la bendi liliondoka na ngoma zao. Kanga ilikuwa bado imefungwa palepale. Hakuna aliyeifungua, na hakuna aliyetuambia sababu. Meneja alisema atapiga simu. Mama amepiga pasi kile kipande cha pili na kukiweka juu ya begi la mdogo wangu, ambalo limeshafungwa na liko mlangoni. Mpaka sasa simu haijalia.