Barua Iliyosema Mimi

Mwaka 1999 kiwanda cha magunia kule Temeke kilipopata mwenye mali mpya, ofisi nzima aliyeijua kompyuta alikuwa mmoja tu: Tekla, karani wa utumishi. Kaka yake Audax, aliyekuwa akisoma Japani, alimletea disketi yenye Ruby, lugha ya kuandikia programu. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki akiikodolea macho skrini mpaka lugha hiyo ikamwelea.

Meneja mpya, Bwana Albano, akamkabidhi kazi: barua mia mbili na kumi za wanaopunguzwa. Kila moja iseme, "Mimi fulani ninakubali kuacha kazi kwa hiari yangu." Hiari gani hiyo!

"Majina yamo kwenye disketi hii. Ukimaliza kufikia Ijumaa, nitaangalia namna ya kukubakiza."

Tekla alikuwa na wadogo zake wawili wanaomtegemea pale Chamazi. Neno "kukubakiza" akalishika kwa mikono miwili. Majina yenyewe aliona haya kuyasoma, akayaacha yalivyo.

Jaribio la kwanza, printa ikatoa: "Mimi main ninakubali kuacha kazi..."

Mauwa, mpiga chapa wa meza ya pili, mzaliwa wa hapohapo Temeke, akaangua kicheko. "Main ndo nani tena, shoga? Kazi hajaanza, mshamfukuza!"

"Ndivyo Ruby inavyoiita programu yenyewe. Neno self ni kama kusema mimi. Nikiliandika huku nje, mimi ni programu. Sasa haya maagizo niliyoyafunga pamoja, wanayaita bloku, nikiyapitisha kwenye amri iitwayo instance_eval, yanaingia ndani ya rekodi ya mtu mmoja, kisha ya mwingine. Maneno ni yaleyale. Anayebadilika ni mimi."

"Si kanga hiyo! Jina lililoandikwa ni moja. Nikijifunga mie, nimesema mie. Nikikuazima, umesema wewe, na ugomvi wako."

"Hapohapo, Mauwa!" Wakagongeana viganja.

Ijumaa asubuhi printa ikaanza kukereza. Mimi Mwinjuma. Mimi Kasiani. Mimi Badru. Mimi Mauwa.

Mauwa akaichana barua yake mwenyewe kutoka kwenye printa, akaikunja, akaifunga pindoni mwa kanga yake.

"Ulijua?"

"Haki ya Mungu, majina sikuyasoma."

"Haya, endelea kuchapa. Usije ukakosa kazi na wewe."

Karatasi zikaendelea kushuka. Ya mia na tisini na mbili ikasema: "Mimi Tekla ninakubali kuacha kazi kwa hiari yangu."

Tekla akarudi mbio kwenye skrini kutafuta kosa. Safari hii aliliomba kosa liwepo. Akasoma mstari kwa mstari, mara mbili. Halikuwepo. Bloku ilikuwa imeingia ilikotakiwa kuingia.

Bwana Albano akapita, akapima rundo kwa kiganja. "Kazi safi, dada. Disketi ya programu uiache mezani. Na hiyo yako uitie sahihi."

Tekla akapapasa meza nzima, kalamu haioni. Mauwa akamwazima yake.