Siku Niliyofuta Salamu Dirishani

Miaka ile baada ya vita vya mpakani, sukari ilifika kwenye duka letu la ushirika bila taarifa. Ingeweza kupita miezi miwili rafu zina chumvi na viberiti tu, halafu siku moja lori linanguruma kule kwenye kona, na kabla dereva hajazima injini watu wameshatoka migombani na vikapu vyao. Muuzaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mizani moja, dirisha moja, na hasira za karibu.

Siku za kawaida hakuna aliyelalamikia mwendo wangu. Mtu akifika dirishani, tulisalimiana kwanza. Kwetu Karagwe salamu haiishi kwa neno moja. Unauliza wameamkaje nyumbani, mtoto aliyeumwa jana anaendeleaje, upepo umeangusha migomba mingapi. Mzee akikufungulia kiganja chenye kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa na maganda yake, unachukua punje mbili, unatafuna, ndipo unamuuliza amefuata nini. Siku ya lori mambo hayohayo yalinitia wazimu. Foleni ilifika barabarani, watu walisukumana, dirisha lilitaka kung'oka, na bado kila mmoja alitaka kunieleza habari za ng'ombe wake.

Ile siku ninayoisema, mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi, na watu walikuwa wametembea kutoka mbali, hata Kituntu. Walipopiga kelele kwamba ninawachelewesha, nilipandwa na hasira. Nikapiga kaunta kwa kata ya kupimia sukari, nikatangaza: "Leo hakuna salamu! Mfuko, kilo moja, toka!" Waliokuwa nyuma walishangilia. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee mmoja jirani wa njia ya Bugene, kiganja wazi, kahawa juu yake. Nilimsukumia sukari yake bila kuitazama ile kahawa. Alifunga kiganja, akaondoka.

Nikiri tu kwamba nilifurahi. Foleni ilikwenda mbio ambazo sijawahi kuziona. Nilitazama mifuko, sikutazama sura. Kamati iliagiza kilo moja kwa kaya, nami kaya zote nilizijua kwa kusalimiana nazo. Sasa wajanja walipita mara mbili, mmoja nadhani mara tatu, na machoni pangu mikono yao ilikuwa mikono tu. Kabla ya saa nane magunia yalikuwa matupu. Watoto wakayageuza nje ndani na kulamba hadi kwenye mishono. Mvua ikaanza, waliopata wakatimua mbio makwao, na waliokosa wakanitukana kidogo na kutawanyika.

Akabaki mwanamke mmoja. Nilimfahamu kwa mbali; yeye na mumewe walitoka Rwanda zamani na walilima kwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, na kila alipokaribia alisukumwa nyuma. Alininyooshea kibakuli kidogo cha bati.

"Imekwisha, dada," nikasema. "Mpaka lori jingine."

"Sitaki kilo. Nataka vijiko sita." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mtoto anaharisha tangu jana. Zahanati paketi za dawa zimekwisha, wakaniambia nichanganye sukari na chumvi kwenye maji. Chumvi ninayo."

"Mbona hukusema? Umesimama hapa tangu asubuhi!"

"Nilikuwa nangoja uniulize habari za nyumbani," akasema.

Nilifunga duka bila kuhesabu chochote. Niliogopa, sijui kama nimewahi kuogopa vile. Tungemkuta wapi mtu mwenye sukari? Wenye sukari wote nilikuwa nimewafukuza kwa kasi yangu mwenyewe. Nyumba ya karibu ilikuwa ya yule mzee wa kahawa. Tulikimbia kwenye utelezi, yule mama mbele na kibakuli chake, mimi nyuma nikiwa nimevua viatu.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni akitazama mvua. "Tata, tunaomba sukari!" nikapayuka kutoka uani; tata kwetu ni baba.

"Mwanangu," akasema, "hata hujanisalimia."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mtoto wa watu anakauka, na huyu anadai salamu! Lakini nilijua kosa ni la nani. Nikapiga magoti kwenye tope, kama tulivyofunzwa. "Shikamoo, tata."

"Marahaba. Huko utokako ni wazima?"

"Si wazima, tata. Mtoto wa huyu mama anaharisha, hana sukari."

Sikumaliza. Alishainuka. Alituletea kilo yote, mfuko ukiwa bado na fundo lake, akamkabidhi mama yule na kumwambia akimbie.

Nilikwenda na mama yule hadi kwake. Mtoto alikuwa wa kike, hajafika miaka miwili, macho yamezama, mdomo umepasuka. Maji ya kuchemsha yalikuwapo chunguni, yamepoa. Tulipima sukari na chumvi, mama akaanza kumnywesha kijiko kimoja kimoja. Cha kwanza kilirudi. Cha pili kikarudi. Tukaendelea, na vilivyofuata vikaanza kubaki, na mvua ilipokatika mtoto alilowesha nguo ya mama yake kwa mkojo, wa kwanza tangu asubuhi. Yule mwanamke alicheka na kulia kwa pamoja, akaniinulia ile nguo nione.

Mtoto alipolala, mama yake alifuta kigoda kwa kiganja akanikaribisha kukaa. Akaketi chini mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akanitazama vizuri usoni.

"Na wewe," akaniuliza, "nyumbani kwako wameamkaje?"

Siku nzima hakuna aliyeniuliza, maana nilikuwa nimekataza. Nikavuta kigoda karibu naye, nikamweleza habari zote za nyumbani, hadi migomba iliyoangushwa na upepo.