Kiganja Kwenye Ukuta wa Banda

Jumapili tulifunguliwa banda la gari la farasi, kwenye ile nyumba ya Mjerumani ambayo Mwingereza ameigeuza makumbusho hapa Korogwe. Banda lilikuwa limebaki nguzo tupu. Sasa limekandikwa upya. Mama mmoja wa Kwedizinga alilipita gari bila kulitazama, akaenda kushika ukuta.

"Mama, usiguse!" mlinzi alifoka.

"Salamu kwanza, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ukuta huu nimeukandika mimi."

Akaweka kiganja juu ya alama iliyokaukia kwenye udongo. Vidole vyote vitano vikaenea sawasawa.

Mlinzi akavua kofia.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na wageni wake wakaendelea kulisifu gari. Sisi wengine tulipanga foleni kutazama ukuta.