Waya Usio na Fundo

Ukipita kwenye uchochoro wetu ukasikia mtu akiuliza, "Huu una mafundo mangapi?", usishangae. Huyo ni jirani yangu, fundi umeme wa magari, na anachoulizia ni waya.

Tunamwita Rangi Zote. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa gereji ujanani, siku walipogundua kwamba macho yake hayatofautishi nyekundu, kijani na kahawia. Kwa muuza viazi hilo ni jambo dogo. Kwa fundi umeme, ambaye kila waya unajitambulisha kwake kwa rangi, ni balaa. Aliwahi kuunganisha taa za breki na honi, mteja akawa kila akikanyaga breki gari linapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Walimcheka mpaka wakakaa chini.

Aliyemwokoa ni mkewe, fundi cherehani. Mama huyu aliweka utaratibu ambao sijauona kwingine. Kabla waya wowote haujafunguliwa, yeye huketi kiti cha mbele na kibobini cha uzi, anatazama rangi, halafu anafunga. Fundo moja ni umeme unaoingia. Mawili ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi la gari. Matatu ni kitu kingine chochote, "na hicho uniulize." Rangi Zote husoma mafundo hayo kwa kidole gumba, kichwa kikiwa kimeingia chini ya dashibodi na miguu iko nje. Waya usio na fundo haugusi. Hiyo ndiyo sheria, na tangu iwekwe hakuna honi iliyolia mahali pasipo pake. Ndani ya nyumba ile kila mmoja humwita mwenzake "fundi," na wote wawili huitika.

Sasa, siku ninayoisimulia, ugonjwa ulikuwa kwenye gari lao wenyewe, lile la zamani lenye pua ndefu na taa za duara, ambalo umri wake unalingana na wa binti yao wa kwanza. Feni ya hita ilikuwa imegoma. Maji ya moto ya injini yalikuwa yanafika kwenye hita vizuri, lakini bila feni ya kulisukuma, joto linabaki hukohuko.

Na hita ilitakiwa kesho yake alfajiri. Dada mkubwa wa mama fundi, anayeishi milimani, alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga na alikuwa anamtaka mdogo wake. Huko juu baridi haina adabu, na mama fundi ana vidole vinavyokaza kwenye baridi. Safari iliyopita alikwenda kwa basi, akarudi hawezi kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe wiki nzima.

"Bila hita siendi," alisema. "Nitampigia simu tu, ataelewa." Alisema hivyo, lakini gauni alilomshonea dadake lilikuwa limeshakunjwa ndani ya begi tangu juzi.

Mimi ni fundi viatu, na kibanda changu kimetenganishwa na uwanja wao kwa ukuta mfupi unaofika kiunoni. Hakuna kinachonipita.

"Leo unamtibu nani, fundi?" nikamuuliza asubuhi.

"Feni imenuna."

"Umeikosea nini?"

"Ndiyo ninayoiuliza."

Akaanza na fyuzi. Aliitoa, akaisugua miguu yake kwa msasa, akairudisha. Kimya. Akachukua kitaa chake cha kupimia, akagusa swichi: umeme unaingia, unatoka. Akagusa kwenye mota yenyewe: umeme umefika. Kimya vilevile. Akang'oa mota nzima, akaifungua juu ya gazeti, akasafisha vile vipande vya makaa vinavyopeleka umeme ndani, akaipeleka moja kwa moja kwenye betri. Mota ikavuma kama nyuki.

"Mzima huyu!" akasema kwa hasira, kama aliyemkamata mtoto anayejifanya mgonjwa asiende shule.

Akairudisha mahali pake. Kimya. Saa nane mchana hiyo, hajala.

"Umeme unakwenda haurudi," akaniambia, akifuta jasho. "Ethi imepotea. Nimepapasa yote yenye mafundo mawili, kila mmoja umekaza. Kuna mmoja tu unaning'inia kule nyuma, ila hauna fundo."

"Si uvute waya mpya, yaishe?"

"Na ule unaoning'inia nimwachie nani? Siujui ni nani. Nimkalishe mke wangu kwa saa tatu nzima mbele ya waya nisioujua? Magari huungua hivyo, jirani." Akageukia mlango. "Fundi! Hebu njoo!"

"Nakuja, fundi, nina pasi mkononi!"

Akaja, akainama, akaangalia waya aliovutiwa mpaka kwenye mwanga.

"Wa kahawia," akasema. "Ethi ya feni huyo. Skrubu imelegea, akaanguka."

"Umejuaje upesi hivyo? Na mbona hauna fundo? Uzi umezungushwa tu, kama bandeji."

"Si siku ile ulipong'oa dashibodi, gari lilipopakwa rangi."

"Siku naijua. Nauliza fundo."

"Kazi zilikuwa nyingi, nikafanya harakaharaka."

"Wewe? Wewe unayefumua pindo zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda?"

Mama fundi akajifanya kukung'uta vumbi kwenye kiti. Mimi nikainamia kiatu nilichokuwa nakishona, ingawa kilikuwa kimeshaisha.

"Fundo lilinishinda," akasema. "Nilijaribu mara nne, uzi unaponyoka. Wewe uko chini ya gari unaimba, na sauti yako ile. Nikauzungusha, nikabana ncha kwa gundi. Nikasema nitakwambia jioni."

"Jioni gani hiyo ya miaka sita?"

"Ungeniambia niache cherehani."

"Ningekwambia, ndiyo."

"Basi, umejijibu."

Rangi Zote aliupitisha ule uzi kwenye kidole gumba, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Yeye alikuwa ameambiwa na mkewe kwamba vidole vilianza kuuma mwaka jana tu.

Kisha akaingia chini ya dashibodi. Tukasikia msasa, tukasikia bisibisi. "Washa!" akaita. Mama fundi akawasha injini, akabonyeza swichi. Feni ikakohoa, ikatema vumbi la miaka sita lote usoni mwake, halafu ikavuma. Alipiga chafya saba, nilizihesabu, na kati ya chafya na chafya alikuwa anacheka. Injini ilipopata moto, akaweka mikono yote miwili mbele ya tundu la hewa, akaanza kukunja na kukunjua vidole taratibu.

"Nipe uzi," mumewe akasema.

"Wa nini?"

"Sheria ni sheria. Huu ni ethi."

Vidole vyake ni vinene kama mahindi. Uzi ulimponyoka, akaulamba, ukamponyoka tena. Mkewe akamwelekeza: "Pitisha chini. Chini, fundi! Sasa vuta. Usiunyonge." Mwishowe akajitokeza, jasho linamtiririka.

"Soma," akasema.

Mama fundi akafumba macho, akapapasa kwa kidole gumba, kama afanyavyo mumewe.

"Moja ni kama kabichi," akasema. "La pili ni kama kabichi lililokanyagwa. Lakini ni mawili."

Alfajiri niliwafungulia geti. Begi lilikuwa kiti cha nyuma. Mama fundi alikuwa ameketi mbele, mikono wazi bila glavu, na kibobini cha uzi kilikuwa kwenye mfuko wa shati la mumewe. Feni ilikuwa inavuma mpaka mwisho. Rangi Zote, jasho jembamba usoni, alikuwa ameteremsha kioo cha upande wake.

"Punguza kidogo basi, utaiva," nikamwambia.

"Thubutu!" akanijibu, akaingiza gia.