Unga wa Mjomba

Mdogo wangu kazini wanamwita Winchi. Pale kiwanda cha magodoro kuna wanaume wazima wanaobeba magodoro mawili mawili huku wakilalamikia mgongo. Yeye anapachika manne begani na bado ana pumzi ya kuwatania. Nguvu hizo nyingine kapewa na Mungu, nyingine kazitolea jasho. Nalisema mapema, maana kuna mtu anapita huko akijisifu kwamba ni kazi yake.

Mtu huyo ni mjomba wetu, kaka yake mama, tumbo moja. Zamani alikuwa mnyanyua vyuma, sasa anafundisha wengine kwenye banda nyuma ya gereji: vyuma vichache, uzito wa zege iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, na kioo chenye ufa. Alimfundisha Winchi pamoja na binti yake wa kumzaa, wasichana waliolingana umri, wote wakiitamani timu ya taifa. Mimi nilikuwa nawasindikiza, nashika taulo na kupiga soga.

Kila baada ya mazoezi mjomba aliwakorogea unga. "Hizi ni amino asidi," alitufundisha, daktari mtupu. "Ukila maharage au yai, mwili unaivunjavunja ile protini ndipo unapozipata. Ni matofali ya misuli. Mimi nawapa tofali tayari." Kila msichana alikuwa na kopo lake. Tulipouliza kwa nini wasichangie moja, alisema unga ni uleule, ila hataki wagombane.

Haya. Binti mjomba akapanda kidogo kidogo, kama mtu yeyote anayekula vizuri na kufanya mazoezi. Winchi yeye akaumuka ghafla. Mafuta ya kiuno yakayeyuka, mabega yakajaa mpaka blauzi zikapasuka kwapani, na sisi tukashangilia kama wehu. Kisha chunusi zikamjaa mgongoni, sauti ikawa nzito, hedhi ikakata. Mama akaenda kumuuliza kaka yake uso kwa uso. "Dada, acha woga, mwili unajijenga," akajibiwa. Mama akarudi nyumbani roho imetulia. Usipomwamini kaka yako wa damu, umwamini nani?

Hapo ndipo damu inaponichemka.

Asubuhi moja, wiki ya kuchagua timu, kopo la binti mjomba lilikuwa limekwisha. Hakuona taabu, akachota la Winchi, akakoroga, akapeleka kikombe mdomoni. Mjomba, aliyekuwa akizungumza na fundi wa gereji, akageuka. Lahaula! Aliruka benchi akampiga mkono, kikombe kikaenda kule, maji meupe yakatapakaa sakafuni.

"Usinywe hiyo!"

"Baba, si ulisema ni uleule?"

Yule fundi akajifanya anaitwa, akatokomea.

"Mjomba," Winchi akasema, "kuna nini humu?"

Akababaika. Akasema hili, akasema lile. Mwisho akatapika yote: vidonge vya homoni za kiume, kavisaga mwenyewe akachanganya humo. Eti mabingwa wote wanatumia. Eti angemwachisha kabla ya vipimo vya dawa za kuongeza nguvu. Sasa vipimo vilikuwa wiki hiyohiyo, na nafasi aliyoisotea mdogo wangu ndiyo hiyo inapotea. Na kama atakuja kuzaa au la, hata yeye mjomba hajui.

"Mbona yeye humpi?" Winchi akauliza, akimtazama binamu yake.

"Yeye ni mwanangu."

Alilitamka bila haya, kama jambo linalojulikana na kila mtu.

Nilimporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama. Winchi hakutukana. Alisimama tu na kikombe chake mkononi. Alikuwa ameshakinywa nusu asubuhi ileile, mjomba akimwangalia, na hakuna aliyempiga mkono.